Mjomba Mmoja wa Watu Kumi na Mmoja

Karatasi zilikuwa kumi na moja. Daktari Suheir, mkuu wa programu ya lugha chuoni, alizitandaza juu ya meza yake polepole, ukingo kwa ukingo, kama mtu anayelaza maiti wa nyumba moja. Kisha akavua miwani, akamtazama Ustadh Munif aliyesimama mlangoni huku koti lake likidondosha maji ya mvua ya mji wa Irbid.

"Keti, Ustadh. Nisomee mstari wa kwanza wa hii. Kwa sauti."

Munif akasoma. "'Niliondoka nyumbani na alfajiri bado imelala juu ya mapaa ya majirani.'"

"Vizuri. Na hii?"

"'Niliondoka nyumbani na alfajiri bado imelala...'"

"Na hii ya kijana wa Patani? Na hii ya binti wa Chad? Basi, usijichoshe, nitakwambia mwenyewe. Wote waliondoka alfajiri. Wote walisindikizwa na mjomba aitwaye Sabri. Na huyo mjomba Sabri, Ustadh wangu, alipoteza kiatu cha kushoto kituoni, akasafiri mpaka Akaba na kiatu kimoja! Watu kumi na mmoja, nchi tatu, mjomba mmoja." Alitaka kucheka, kicheko kikamgomea. "Swali liliwataka waeleze safari iliyowabadilisha wao."

Munif akaketi, akaitazama karatasi ya juu. Sabri alikuwa mjomba wake yeye, Mungu amrehemu, na kiatu kile kilipotea kweli.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha Kiarabu katika mwaka wa matayarisho, mwaka ambao wanafunzi wa kigeni huusoma kabla hawajaruhusiwa kuingia vitivo vyao. Darasa lake la mwaka huo lilitoka Niger, Chad na Patani ya mashariki ya mbali, kwenye vyuo vya Kurani ambako mtoto huandika ubaoni, akahifadhi, akamsomea mwalimu, kisha akauosha ubao aanze upya. Kitabu cha chuo kikuu kiliwaambia katika kila ukurasa: toa maoni yako. Kwa wiki tatu hawakutoa neno. Walikaa wameinamisha macho, na walimu wengine wakawaita mabubu. Munif peke yake ndiye aliyetambua kwamba hawakuwa wajinga wala wavivu. Walifunzwa kwamba asiyejua hatangulizi kauli mbele ya ajuaye.

Ndipo alipougeuza ufundishaji wake. Alikifunga kitabu, akatunga matini fupi thelathini kwa mkono wake, nathari safi yenye mizani, akawapa kwa njia waliyoizoea. Kwanza wahifadhi. Pili waifumue matini, waone ilivyofumwa. Tatu wafume ya kwao. Darasa likaamka. Waliokuwa mabubu wakawa wanashindana kumsomea, mmoja mmoja, magoti yakigusana na yake. Lakini muhula ulikatwa wiki nne ili matokeo yatoke kabla ya wakaguzi wa ithibati kufika, na ile hatua ya tatu haikufikiwa. Katika kipindi cha mwisho aliiona hofu machoni mwao, akasema: "Mkizidiwa, shikeni nilichowapa. Aliyehifadhi hapotei."

Aliyasema hayo kuwatuliza nyoyo, wao wakayapokea kama amri. Walipokutana na neno "safari" katika mtihani waliandika safari ya mwalimu wao, nukta kwa nukta, kwa sababu kuibadilisha kungekuwa ufidhuli.

"Mtihani ulitungwa na kamati," Munif alisema hatimaye. "Mimi sikuuona."

"Najua. Lakini nani atasadiki? Matini yako ya ishirini na mbili ni safari, na swali ni safari."

"Kitabu gani duniani hakina safari, Daktari? Wape mtihani mwingine. Nipe siku tatu nao, nitawafunza kuandika ya kwao."

"Wakaguzi wanaingia Jumapili." Akachomoa waraka kutoka kwenye jalada. "Sikiliza. Programu hii nimeitetea mara mbili isifungwe. Ina wanafunzi mia moja na arobaini. Nikiwaambia wakaguzi kwamba mwalimu wangu mkongwe anakaririsha watu majibu, wataifunga mbele ya macho yangu. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili. Ama wanafunzi waliipata matini hii bila idhini yako wakainakili. Huo ni udanganyifu, nao wanaondoka. Ama wewe uliwapa jibu. Basi anayeondoka ni wewe."

"Wakiondoka, na vibali vyao vya ukaazi?"

"Vinafutwa." Aligeuza uso dirishani. "Binti yako Tala yuko mwaka wa tatu wa ufamasia, siyo? Anasoma kwa msamaha wa ada wa watoto wa wafanyakazi. Waraka huu unashuhudia kwamba waliiba. Nasubiri sahihi yako Alhamisi, kabla ya adhuhuri."

*

Wisal, mkewe, alikuwa amepika wali wa dengu na vitunguu vya kukaanga, akaweka na maziwa ya mgando pembeni. Munif alikula kidogo, akauchokora wali, akala tena kidogo.

"Baba Tala, unakula kama mtu anayetafuta mawe. Kuna nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa utaratibu kama afanyavyo darasani, bila kujipendelea. Tala, binti yao pekee, aliacha kijiko hewani. Wisal alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafuta mikono kwa taulo, kidole kimoja kimoja.

"Weka sahihi," alisema.

"Mama Tala..."

"Weka sahihi, nimekwambia. Kwani nani alikutuma uwabadilishie watu mafundisho? Wenzako wanaingia, wanafungua kitabu, wanafunga kitabu, wanarudi kwao kula. Wewe ukajifanya mama mlezi! Ukawatafunia na kuwalisha!"

"Walikuwa hawaelewi."

"Wasingeelewa! Wangeanguka kwa kosa lao, si kwa lako. Tena anayeanguka hurudia mwaka. Sasa wataondoka na jina la wizi, na bado unataka kuondoka pamoja nao. Umri wako miaka hamsini na minane. Nani atakuajiri, wauza falafeli?"

"Baba," Tala akauliza, "walidanganya?"

"La."

"Basi waraka unasema uongo."

"Wewe kula," mama yake akamkata. "Ni ada yako inayozungumzwa hapa. Mwenye kubebwa hachagui njia."

Munif aliinuka akaenda kunawa mikono. Maji yalikuwa ya barafu, kwa kuwa gesi ilikuwa inabanwa mpaka mshahara utoke, naye akayaacha yammwagikie kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kesho yake, katika chumba cha walimu, habari ilikuwa imeshatangulia. Hakuna aliyemlaumu, lakini hakuna aliyeketi kando yake pia. Mwalimu mmoja kijana, ambaye Munif mwenyewe alimwombea kazi, alimmiminia chai huku akitabasamu.

"Ustadh, mjomba hajambo? Kiatu kimepatikana?"

Wenzake waliangua kicheko, kisha wakakohoa. Munif naye alitabasamu, kwa kuwa uungwana ulimtaka atabasamu, akanywa chai ile iliyomuunguza ulimi. Alipotoka aliwasikia wanaendelea. "Lakini zee hili lina ufundi. Umewaona wale mabubu wanavyosoma? Kama redio." "Redio kumi na moja, stesheni moja!"

*

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, mlango ulibishwa taratibu, na kila baada ya pigo moja palikuwa na subira ndefu. Wisal alifungua. Kijana mrefu mweusi alisimama ngazi mbili chini ya kizingiti ili asiwe juu ya mwenye nyumba, mfuko wa machungwa mkononi mwake, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka likang'aa.

"Amani iwe juu yenu, mama. Mimi ni Harouna, mwanafunzi wa Ustadh. Kama ana udhuru, nitarudi."

Wisal alimjua kwa jina. Ndiye aliyekuwa akitajwa mezani kila wiki: Harouna wa Zinder kule Niger, aliyehifadhi matini thelathini kwa siku arobaini, anayetaka kusomea uhandisi wa maji kwa kuwa kwao kisima kimoja huhudumia vijiji vinne. Alitamani asiwe amemjua. Akamkaribisha, akaenda jikoni kuweka birika, na mlango wa jikoni akauacha wazi.

Harouna aliketi ukingoni mwa kiti, mbali na hita. Alimwuliza mwalimu wake hali, na hali ya watu wa nyumbani, na ya wazee, na ya jamaa, mpaka adabu ikatimia. Ndipo akasema, "Ustadh, tumekutana wote. Tumeafikiana. Leo asubuhi tumempelekea Daktari barua."

"Barua gani?"

"Kwamba matini tuliiba."

Munif aliiweka bilauri yake ya maji chini kwa mikono miwili. "Hamkuiba. Mimi nilikupeni. Kwa mkono huu."

"Tunajua, Ustadh."

"Basi kwa nini mnasema uongo? Mnajua maana yake? Mtarudishwa! Hati itakayowafuata itasema wadanganyifu. Hakuna chuo kitakachowapokea tena, si hapa wala Misri."

"Tunajua." Kijana alitazama zulia. "Mwalimu wangu wa ubao alikuwa akituambia: ukimwona mwalimu wako anavishwa aibu nawe una mabega, ivae wewe. Sisi tuna mabega ya watu kumi na mmoja. Wewe unayo yako tu, na binti yako amekaa juu yake."

"Nani amewaambia habari za binti yangu?"

"Chuo kizima kinasema, Ustadh. Hata mpishi wa bweni."

Kule jikoni birika lilikuwa likichemka na hapakuwa na mtu wa kuliondoa.

"Nakukatazeni," Munif alisema. "Unanisikia, Harouna? Mimi mwalimu wenu nakukatazeni. Nenda kaichukue barua hiyo."

Harouna aliteremka kwenye kiti, akapiga magoti zuliani kama wakati wa kusomea. "Amri zako zote tumezishika, Ustadh. Hii moja utusamehe."

Wisal aliingia na sinia. Chai ilikuwa imetiwa majani makavu ya mramia, dawa ya baridi, na sukari nyingi mno, na kando yake palikuwa na sahani ya wali iliyojaa nyama, nyama yote ya Ijumaa. Aliiweka mbele ya kijana. "Kula, mwanangu," alisema. Hakumtazama. "Kula, njia ni baridi." Harouna alikula tonge tatu kwa heshima, akashukuru, akasema ameshiba. Wisal akamimina kilichobaki katika bakuli lenye kifuniko, akampa aende nalo.

Mlango ulipofungwa, Tala alitoka chumbani, macho yamemwiva.

"Mimi naweza kuacha," alisema. "Muhula mmoja, miwili. Niuze katika duka la dawa la mtu, halafu nirudi."

"Anayeacha harudi," mama yake akasema. "Usinitie wazimu."

"Baba?"

Tala alimngoja. Alingoja muda wa mtu kusoma Fatiha na sura fupi. Munif alikuwa akiyatazama machungwa mezani, madogo, ya bei ya chini, yaliyofutwa moja moja kwa kitambaa. Hakusema "acha" wala hakusema "usiache." Binti alikielewa kimya kile kabla baba yake hajakielewa, akarudi chumbani.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Wisal alinong'ona, akikusanya bilauri. "Ndivyo walivyosema wahenga. Lakini mgeni mwenyewe atakuwaje, hawakusema."

*

Alhamisi, saa tano na nusu, Munif aliingia ofisini kwa Daktari Suheir akiwa amekwisha kupanga maneno yake tangu alfajiri.

"Barua waliyokuletea ni ya uongo," alisema kabla ya kuketi. "Nimekuja kulisema hilo. Wizi haukuwapo."

"Barua?" Daktari Suheir alionekana hakulala. Akamsogezea bahasha nene. "Ni barua kumi na moja, Ustadh. Nilidhani wataandika moja na kuinakili, kwa desturi yao. Soma."

Akasoma. Harouna aliandika kwamba alikuta ofisi ya mwalimu wazi, akaipiga picha matini kwa simu huku mkono ukimtetemeka hata picha ya kwanza ikatoka ukungu. Kijana wa Patani aliandika kwamba aliinunua sokoni kwa mtu asiyemjua, mwenye kovu la nyusi, akapunjwa chenji. Binti wa Chad aliandika: "Niliichukua Ustadh alipokuwa akisali adhuhuri. Nilijua nina wasaa, kwa kuwa sijda yake ni ndefu, na nilisikia akituombea majina yetu." Munif aliirudia sentensi hiyo. Akaendelea na nyingine, na nyingine. Hapakuwa na mstari uliofanana na mwenzake. Kila mmoja alibuni wizi wake, akaupa mahali, saa, hofu na majuto, kwa Kiarabu ambacho hakuna aliyemtungia. Muhula mzima Munif alikuwa akiwaandaa kwa jambo hili hili.

"Unaona?" alisema, akainua uso kwa matumaini yaliyomtia haya. "Daktari, unaona? Hazipatani! Karatasi moja haiwezi kuibwa mara kumi na moja. Huu ndio ushahidi kwamba hawakuiba. Tena ni ushahidi kwamba wanaweza kuandika. Waoneshe wakaguzi barua hizi!"

"Nimezisoma mara mbili."

"Basi unajua."

"Najua." Alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa mzito kuliko ukali wa Jumatatu. "Ni insha bora kuliko zote zilizoandikwa hapa mwaka huu. Ningewapa alama za juu kabisa. Lakini wakaguzi hawaji kusoma insha, wanakuja kusoma majalada. Nina watu kumi na moja waliokiri kwa maandishi. Ukikataa, sitawaokoa wao, maana wamekwisha kukiri. Nitakuongeza wewe tu juu yao. Hilo ndilo unalolitaka?"

"Nataka lisemwe lililo kweli."

"Umelisema. Nimelisikia." Akaweka kalamu juu ya waraka. "Sasa nisaidie niwaokoe hao mia moja na ishirini na tisa waliobaki. Na uende nyumbani kwa binti yako."

Munif alijua, kwa kuwa alilelewa kwenye zulia la msikiti na vitabu vya hukumu, kwamba kweli isiyotetewa humshitaki aliyeijua kabla ya kumshitaki aliyeificha. Alijua pia idadi ya mihula iliyobaki ya ufamasia. Mambo mawili hayo yalikaa ndani yake bila kusalimiana. Aliichukua kalamu akaliandika jina lake kamili kwa hati nzuri ya naskhi, mwandiko wa misahafu, kama alivyofunzwa utotoni, na Daktari Suheir akaupokea waraka, akautia jaladani, akabonyeza kitu kwenye kompyuta yake.

"Mungu akulipe kheri," alisema. Munif hakuitikia amina.

Wote kumi na moja walikuwa ukumbini, wamesimama kando ya ukuta. Walipomwona walijinyoosha kama wafanyavyo anapoingia darasani, wakampisha njia. Mvua ilikuwa inashuka kwa fujo. Harouna akafungua mwavuli mweusi, akamfunika nao mwalimu wake, akatembea naye bega lake likiwa nje, na shati lake jeupe likashikamana na ngozi. Wengine walifuata nyuma, kwa masafa ya adabu.

Walipotoka lango kuu na kufika kituoni, Munif alisema, "Rudini ndani, mtapata homa."

Harouna akampa mwenzake mwavuli amshikie Ustadh, akarudi mbio langoni, akaweka kadi yake juu ya mashine. Taa ikawaka nyekundu. Akaifuta kadi kwa shati, akaiweka tena.

"Imefungwa," mlinzi alisema kutoka kibandani, mzee wa makamo mwenye skafu shingoni. "Zenu zote. Imeingia kwenye mashine sasa hivi, haijapita robo saa."

"Nguo zetu zimo bwenini, ami. Na msahafu wangu."

"Mtaletewa hapa. Nikiwapitisha nitafukuzwa mimi. Usinilaumu, mwanangu."

"Sikulaumu," Harouna alisema.

Alirudi kituoni, akaupokea mwavuli, akaushika kama mwanzo. Munif alimtazama maji yakimtiririka usoni.

"Nimeweka sahihi, Harouna," alisema.

"Tunajua, Ustadh. Tulikuombea dua ukubali. Tuliogopa utakataa."

Basi la mjini likaja. Munif alipanda ngazi ya kwanza, akageuka, akatafuta neno la mwalimu kuwaaga wanafunzi. Katika matini zote alizowatungia hakuona hata moja iliyofaa. Harouna aliukunja mwavuli, akamtia mkononi. "Kwenu ni mbali na kituo," alisema. "Chukua. Sisi tumekwisha kulowa." Mlango ukafungwa.

Aliketi karibu na dirisha lililofunikwa na mvuke, mwavuli umelala juu ya mapaja yake na maji yakichuruzika mpaka kwenye viatu vya mtu aliyeketi kando yake. Mtu huyo alivumilia vituo viwili, kisha akasema, "Mzee, samahani, unanilowesha."

Munif alimsikia vizuri. Aliushika mwavuli kwa mikono yote miwili, na hakuusogeza.